Matokeo ya Skuli Yetu Tangu Mtihani Urudi Wakati Wake

Maneno haya tuliyasema sisi wa kamati ya wazazi wa skuli moja ya kutwa katika Kaunti ya Kilifi, mbele ya wazee, waalimu na wanachama. Wengi hawakuweza kufika kwa sababu ya mvua na shamba, nao wametutaka tuyaandike gazetini. Tumeyaandika kama yalivyosemwa.

Bwana Mwenyekiti, wazee wetu, mama zetu, waalimu wetu, na nyinyi vijana mliokaa huko nyuma chini ya mwembe,

Mmetuita tuseme habari ya matokeo ya mtihani wa skuli yetu. Tunashukuru kwa kuitwa, maana kamati isiyoulizwa huzoea kukaa kimya, na kimya kikizidi huwa uwongo. Lakini tungependa mtuwie radhi mapema. Hatukuja kuimba. Nyimbo tuliziimba Januari 2024, na kila mtu hapa anakumbuka jinsi tulivyoziimba. Jumatatu ile, tarehe 8, Waziri wa Elimu wa wakati ule, Bwana Ezekiel Machogu, alisoma matokeo ya KCSE kule Eldoret, na kabla ya jua kutua mwalimu mkuu wetu alikwisha inuliwa juu mabegani. Mbuzi akachinjwa. Pikipiki zikapigishwa honi toka barabara kuu mpaka mnadani. Kwa nini? Kwa sababu vijana wetu walipata alama bora kuliko madarasa matatu yaliyotangulia, na waliofika C+, alama ya kuingilia chuo kikuu, walikuwa wengi kuliko tulivyozoea kuhesabu hapa kwetu.

Na sisi wa kamati tuliinuka tukasema maneno makubwa. Tulisema ni kazi ya kamati. Tulisema ni nidhamu tuliyoileta sisi. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na siku ile, jamaa zangu, tembo letu lilikuwa na maji mengi.

Leo tumekuja na daftari. Twataka tuhesabu pamoja nanyi.

Jambo la kwanza ni hili neno ambalo kila mtu alilisema mwaka ule: kwamba mtihani wa 2023 ulikuwa wa kwanza baada ya mambo kurudi kawaida. Neno hili ni la kweli kwa upande wa kalenda. KCSE ya 2020 haikufanywa mwaka 2020; karatasi za maandishi zilianza 26 Machi 2021 na kwisha 21 Aprili. Ile ya 2021 ikafanywa Machi 2022. Ile ya 2022 ikasukumwa mpaka karibu na Krismasi, ikaisha 23 Desemba. Mwaka 2023 ndipo mtihani uliporudi kwenye Novemba yake, baada ya mwaka wa masomo ulioanza Januari kama ilivyokuwa desturi. Kwa hiyo mtu aliyesema mtihani umerudi wakati wake alisema kweli.

Lakini mtihani kurudi wakati wake ni jambo moja, na mtoto kurudi mahali pake ni jambo jingine. Hapa ndipo tulipokosea, maana tulitazama kalenda ya ukutani tukasahau kumtazama mtoto aliyeketi chini yake.

Hebu tumtazame. Kijana aliyekalia mtihani ule Novemba 2023 aliingia kidato cha kwanza Januari 2020. Mtamkumbuka: sare mpya iliyokuwa kubwa kuliko mwili, sanduku la bati, na baba aliyeuza mbuzi. Akasoma miezi miwili. Tarehe 15 Machi serikali ikatangaza skuli zifungwe kwa sababu ya ugonjwa wa Korona, na kesho yake skuli za kutwa zikafunga. Watu walidhani ni wiki tatu nne. Tarehe 8 Aprili Kilifi, Mombasa na Kwale zikafungiwa mipaka, hapana kutoka wala kuingia. Mahoteli ya ufukweni yakafunga milango, na baba aliyekuwa mtunza bustani au mpishi huko akarudi nyumbani mikono mitupu. Tarehe 7 Julai Waziri wa wakati ule, marehemu Profesa George Magoha, akatangaza kwamba mwaka wa masomo wa 2020 umepotea, kila mtoto angojee Januari.

Oktoba 12 waliitwa darasa la nne, darasa la nane na kidato cha nne peke yao. Huyu wetu wa kidato cha kwanza hakuitwa. Alirudi 4 Januari 2021, akiwa amekaa nje zaidi ya miezi tisa.

Alifanya nini miezi tisa? Serikali ilipeleka masomo kwenye redio na televisheni, nasi hatulidharau jambo lile. Lakini nyumba yenye redio moja, na redio yenyewe haina betri, haiwezi kuitwa darasa. Vijana wetu walikwenda machimboni kuchonga mawe. Wengine walikata nazi, wakachoma mkaa, wakaendesha bodaboda za watu. Wasichana wengine waliolewa, wengine wakapata mimba. Twalisema hili wazi kwa sababu kila mmoja hapa analijua, na anayejifanya halijui anajificha nyuma ya kidole.

Basi aliporudi, akaambiwa aendelee na kidato cha kwanza kile kile. Kilikwisha 16 Julai 2021. Mtoto huyu alikaa kidato cha kwanza mwaka mmoja na nusu, na ukitoa siku za kufunga alisoma kidogo kuliko mwaka mmoja! Kisha ikaja mbio. Serikali ilitaka kuifidia miaka iliyopotea, ikapunguza wiki za masomo katika mwaka kutoka 39 hadi 30. Kidato cha pili kikaanza 26 Julai 2021, siku kumi tu baada ya kumaliza cha kwanza, kikaisha mwanzo wa Machi 2022. Kidato cha tatu kikaanza 25 Aprili kikaisha Novemba. Mihula sita katika miezi kumi na sita.

Waalimu wanajua maana yake. Mwalimu wa hesabu alitwambia kwamba katika mwaka wa mbio alikuwa akifundisha sura ya kitabu kama mtu anayevuka mto wenye mamba, anakanyaga jiwe hili na jiwe lile, na yaliyo katikati anayaacha majini. Na wazazi wanajua maana yake pia, maana karo na pesa ya chakula cha mchana zilikuwa zikidaiwa kabla deni la muhula uliopita halijakauka wino. Na wakati huo huo mvua hazikunyesha. Toka mwisho wa 2020 mpaka mwisho wa 2022 misimu mitano ilipita mfululizo bila mvua ya kutosha katika nchi kavu za Kenya, nasi wa bara ya Kilifi tulikuwamo. Ng'ombe walikufa Ganze. Mahindi yalikauka yakiwa kimo cha goti. Mtoto alikuja skuli na njaa, akarudi na njaa, na katikati akafundishwa kemia.

Mwaka wa nne peke yake, ulioanza 23 Januari 2023, ndio uliokuwa mwaka kamili kwa watoto hawa. Huo mmoja. Na kama kwamba Mungu alitaka kuwajaribu mpaka mwisho, mvua iliyokataa kunyesha miaka miwili ikaja yote Novemba 2023, katikati ya mtihani. Madaraja yalikatika, na sehemu nyingine za nchi karatasi zilipelekwa kwa helikopta. Hapa kwetu watoto walivuka maji ya kiunoni wakibeba sare vichwani, wakavaa upande wa pili, wakaenda kujibu maswali ya jiografia kuhusu mito. Mzee mmoja alisema pale pale ukingoni kwamba mtihani wa jiografia wamekwisha ufanya. Tulicheka, nasi tulikuwa tumeloa.

Sasa twaja kwenye alama zenyewe, na hapa tunaomba masikio yenu yote.

Matokeo ya nchi nzima yalipanda. Mwaka 2022 waliopata C+ na zaidi walikuwa 173,345. Mwaka 2023 wakawa 201,133. Waliopata A walikuwa 1,146, wakawa 1,216. Skuli yetu ilipanda pamoja na nchi, kama ngalawa inavyopanda maji yakijaa. Je, nahodha aseme yeye ndiye aliyeinua ngalawa?

Maana mwaka ule ule mtihani uliporudi kwenye wakati wake, kanuni ya kuhesabu alama ilibadilishwa. Wengi wenu hamkuelezwa, na sisi wa kamati tuliokuwa tumeelezwa hatukuwaeleza. Zamani mtahiniwa alihesabiwa masomo saba, na matano katika hayo yalikuwa ya lazima: hesabu, Kiingereza, Kiswahili, na sayansi mbili. Kuanzia 2023 ya lazima yakawa mawili tu, yaani hesabu na lugha moja, ile aliyofanya vizuri zaidi. Matano yaliyobaki huchaguliwa yale aliyopata alama za juu, yawe ya namna yoyote.

Tuchukue mtoto wa mfano. Hatumtaji mtu, ni wa mfano tu, lakini mtamjua kwa sababu nyumba nyingi hapa zina mmoja kama yeye. Kiswahili amepata B+, pointi 10. Dini B+, pointi 10. Historia B, pointi 9. Biashara C+, pointi 7. Kiingereza C-, pointi 5. Biolojia D+, pointi 4. Kemia D, pointi 3. Hesabu D, pointi 3.

Mhesabuni kwa kanuni ya zamani: hesabu 3, Kiingereza 5, Kiswahili 10, biolojia 4, kemia 3, kisha dini 10 na historia 9. Jumla 44. Hiyo ni C tupu, na mlango wa chuo kikuu umefungwa. Mhesabuni kwa kanuni mpya: hesabu 3, Kiswahili 10, kisha matano bora, dini 10, historia 9, biashara 7, Kiingereza 5, biolojia 4. Jumla 48. Hiyo ni C+, na mlango umefunguka.

Mtoto ni yule yule. Karatasi ni zile zile, na majibu ni yale yale aliyoyaandika kwa mkono wake.

Hatusemi kanuni mpya ni mbaya. Sisi kwa maoni yetu ni nzuri. Ilikuwa dhuluma kumfungia mlango kijana hodari wa lugha na historia kwa sababu skuli yake haina maabara, na skuli yetu kwa miaka mingi ilikuwa na bomba moja la maji na chupa tatu za dawa. Mtoto aliulizwa habari ya kitu ambacho hajapata kukiona. Kanuni mpya imemwondolea mzigo usiokuwa wake. Lakini kuondolewa mzigo si sawa na kupata nguvu, na sisi tuliinuka mbele yenu tukaonyesha misuli.

Mwalimu mmoja wetu, mzee aliyekaribia kustaafu, alichukua orodha ya matokeo yale jioni moja akaanza kuyahesabu upya kwa kanuni ya zamani, mtoto mmoja mmoja, kwa kalamu ya risasi. Ilimchukua siku mbili. Akatuletea. Tukaona kwamba sehemu kubwa ya kupanda kwetu ilikuwa ni ya kanuni, na kilichobaki kilikuwa kidogo sana. Kiswahili tulipanda kweli. Historia tulipanda kweli. Hesabu tulikuwa pale pale, na kemia tulishuka. Mmoja wetu katika kamati alisema karatasi ile ichanwe. Hatutamtaja, na hatutaki mumtafute; alisema kwa hofu, maana mbuzi alikwisha liwa. Karatasi haikuchanwa. Tunayo hapa mezani, na mtu yeyote akitaka kuisoma mkutano ukiisha aje.

Tena kuna upande ambao hakuna mtu aliyeupigia honi. Mwaka ule ule ambao A ziliongezeka, E nazo ziliongezeka. Mwaka 2022 waliopata E katika nchi nzima walikuwa 30,822. Mwaka 2023 wakawa 48,174. Kanuni ilikuwa nyepesi zaidi, na bado walioanguka chini kabisa wakawa wengi zaidi! Wako wanaosema ni kwa sababu ulinzi ulikazwa, kwamba mwaka 2023 karatasi za mchana hazikuchukuliwa tena asubuhi pamoja na za asubuhi, bali zilifuatwa kwenye kontena mchana wake, na wezi wa mitihani wakakosa nafasi. Huenda hilo lina sehemu yake. Lakini sisi tuliokuwa na watoto hawa twaamini tunajua E zetu zilitoka wapi. Zilitoka kwenye machimbo ya mawe ya 2020. Mtoto aliyepotelewa na msingi wa kidato cha kwanza, akapitishwa mbio kidato cha pili na cha tatu, hawezi kujengewa nyumba kwa mwaka mmoja wa nne. Fundi gani hujenga dari kwanza?

Na hao walikaa mtihani. Wako ambao hawakukaa. Twalo daftari la Januari 2020, lile la majina ya walioingia kidato cha kwanza, limejaa mikondo miwili. Twalo la watahiniwa wa 2023. Ukiyaweka pamoja, majina mengi hayapo katika la pili. Tulikaa usiku mmoja tukiyasoma kwa sauti, mmoja anasoma, mwingine anajibu: huyu yuko Malindi anauza samaki, huyu ameolewa Magarini, huyu yuko machimboni mpaka leo, huyu hatujui, huyu hatujui, huyu alizama na ngalawa ya babake. Mwalimu mkuu alitoka nje kabla hatujafika herufi M.

Wastani wa skuli hauhesabu watu hawa. Hesabu ya wastani huwagawanya waliopo, na aliyetoweka hana sehemu ndani yake. Hata tukiseme kwa ukali zaidi: mtoto dhaifu akiacha skuli, wastani wa skuli hupanda. Mmesikia? Skuli inaweza kusifiwa kwa sababu ya watoto iliowapoteza. Hatusemi yetu ilifanya makusudi. Twasema siku ile tuliyocheza ngoma hakuna aliyeuliza habari zao.

Wasichana watatu waliozaa mwaka 2020 walirudi, na twataka hilo lijulikane kwa sababu ni fahari ya kweli. Mwongozo wa Wizara wa mwaka huo huo unasema msichana aliyezaa arudishwe skuli bila kizuizi, na kulikuwa na wazazi, tena wengine wako hapa leo, waliokuja kwetu kutaka wasirudishwe, ati watawaharibu wenzao. Walirudi. Bibi zao walilea watoto. Mmoja wao alikuwa akitoka saa ya chakula akikimbia nyumbani kunyonyesha, na kurudi kabla kengele haijalia. Wote watatu walikaa mtihani, na mmoja alipata C+. Huyo, hata mkimhesabu kwa kanuni ya zamani, C+ yake iko pale pale. Mwalimu mzee alituhakikishia, na aliihesabu mara mbili.

Ndugu Mwenyekiti, tumebakiwa na jambo moja, na ndilo zito kwetu kulisema.

Ofisini kuna kabati la chuma. Ndani yake mna vyeti vya KCSE vya watoto wa madarasa yale, wa mbio na wa kawaida, ambao wazazi wao hawakumaliza kulipa. Vilizuiwa. Amri haikutoka Nairobi. Ilitoka katika kikao cha kamati, na sisi tuliikubali kwa kuinua mikono. Tulisema: asiyelipa hachukui. Tulisema skuli ina madeni, mwenye duka la unga anatudai, mpishi anatudai, na serikali pesa yake ya shilingi 22,244 kwa mwanafunzi kwa mwaka huja kwa kuchelewa na huja imepungua. Yote hayo ni kweli. Lakini Sheria ya Baraza la Mitihani ya 2012 imekataza cheti cha mtihani kuzuiwa kwa deni, na Wizara imelikumbusha hilo mara nyingi. Sisi tulikuwa tukisoma barua zile na kuzitia kwenye faili.

Sasa fikirini tulichokifanya. Mtoto aliyefungiwa miezi tisa, akakimbizwa miaka miwili, akasoma na njaa, akavuka maji kwenda kwenye mtihani, akapata C yake au D yake ambayo ingemwingiza chuo cha ufundi akajifunza umeme au ushonaji. Tukamwambia cheti chako kimo kabatini mpaka baba yako auze shamba. Baba hana shamba. Kwa hiyo kijana yuko machimboni, na cheti kiko kabatini, na vyote viwili vinaliwa na vumbi. Tunadai karo kwa mtu ambaye tumemnyang'anya chombo cha kutafutia pesa ya kutulipa.

Mama mmoja alikuja mara sita. Mara ya sita alileta kuku wawili. Hatukumpa cheti, na kuku tukawarudisha, tukajiona watu waadilifu sana kwa kurudisha kuku.

Mtauliza, je, deni litalipwaje? Ni swali la haki, na waalimu wetu wa kuajiriwa na kamati wana haki ya kuliuliza kuliko wengine wote, maana mishahara yao hutoka humo. Tumekaa juu ya jambo hili vikao vitatu. Tumeamua deni libaki kuwa deni, liandikwe kwa jina la mzazi, na alipe kidogo kidogo, kwa pesa au kwa vitu. Anayeweza kuleta mahindi wakati wa mavuno alete, yatapimwa kwa bei ya sokoni mbele yake na kuingia jikoni. Fundi aje arekebishe madawati, siku yake ihesabiwe. Mtoto hatashikwa rehani tena. Kama mnaona uamuzi huu ni mbovu, mkutano una haki ya kuupinga, na tutakaa kusikiliza mpaka jua litue. Lakini tutakayemsikiliza kwanza ni yule mwenye mtoto mwenye cheti kabatini.

Kuhusu masomo yenyewe: matokeo ya nchi yalipanda tena katika mtihani wa 2024, waliofika C+ wakawa 246,391, na skuli yetu nayo ilipanda kidogo. Safari hii hatukuchinja mbuzi. Pesa ya mbuzi na nyingine tuliyochangisha ilinunua vifaa vya maabara, na bomba la pili limekwisha tiwa. Twajua kanuni mpya haimlazimishi mtoto kupata alama nzuri ya kemia ili afike C+, lakini anayetaka uuguzi au udaktari ataulizwa kemia yake na biolojia yake huko mbele, na kanuni haitamsaidia. Hatutaki watoto wa mwambao waingie vyuo kwa mlango mmoja tu. Mwalimu mzee, yule wa kalamu ya risasi, amestaafu, naye amekubali kuja Jumamosi asubuhi kuwafundisha hesabu wale wa kidato cha pili bila malipo. Ameomba chai tu. Na akasema isiwe chai ya maji.

Kuhusu wale waliopotea daftarini: wanne tumewapata, nao wamekubali kujiandikisha kama watahiniwa wa kibinafsi. Mwenye habari ya mwingine, hata kama ni tetesi, atuletee. Tutakwenda wenyewe.

Funguo za kabati anazo karani, na tumemwagiza. Kuanzia Jumamosi hii saa mbili asubuhi mpaka saa nane mchana ofisi itakuwa wazi, na Jumamosi ijayo vile vile. Kijana aje na kitambulisho chake. Kama yuko mbali, Nairobi au Lamu, amwandikie mzazi barua, na mzazi aje nayo. Risiti ya karo haitatakiwa. Na yule mama wa kuku, kama yuko hapa au kuna mtu wa jirani naye, aambiwe asije yeye. Cheti cha mwanawe tutampelekea nyumbani.